Bi Mashine Aenda Kupimwa Masikio

“Mwenzangu, kwani huyo mkweo amekukosea nini hata salamu yake humwitikii?”

Swali hilo Bi Mashine aliulizwa na jirani yake, fundi cherehani, asubuhi moja walipokuwa wanafagia, kila mtu mbele ya mlango wake. Fundi cherehani ni mwanamke mwenye sauti ya mnadani, na akisema nawe hukukazia macho usoni kama anayekupima kola. Kwa hiyo Bi Mashine alilisikia swali lile lote. Aliinama akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Moyoni alikuwa anachemka. Mkwe wake amwamkie yeye? Lini? Kila asubuhi ya Mungu alimkuta yule binti jikoni, ameelekea jiko, amempa mgongo, anachemsha chai. Yeye husimama mlangoni akingoja, kama mzee yeyote anavyongoja haki yake. Binti huinamisha shingo kidogo juu ya sufuria, kama anayenusa, kisha huendelea na shughuli zake. Basi. Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Na leo kumbe amekwenda kwa jirani kuligeuza jambo miguu juu kichwa chini, kwamba yeye huamkia na mama mkwe ndiye anayenuna!

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Bi Mashine alijisemea, akaufungia ufagio nyuma ya mlango.

Jina la Bi Mashine hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, zamani, yeye na mume wake walipofungua mashine ya kusaga nafaka katika chumba cha nyuma cha nyumba yao. Mume alikuwa mtu wa mizani na mazungumzo, mke ndiye aliyesimama na mashine yenyewe. Mume alipotangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema, watu walidhani na mashine itazikwa. Siku za msiba zilipokwisha, mjane akajifunga kitambaa kichwani, akafungua mlango, akawasha. Mwanawe wa pekee alikulia katikati ya magunia, akaoa, akashika mizani ya baba yake. Mkewe akawa anauza unga dirishani, upande wa barabara. Lakini mashine haikuguswa na mtu. Mashine ilikuwa ya mama.

Aliyewahi kupeleka debe lake la mahindi anajua. Mashine ikishawashwa hapana tena mazungumzo. Mota inanguruma, mkanda unazunguka, punje zinashuka kwa kishindo kama changarawe juu ya bati, na hewa yote inakuwa nyeupe. Ndiyo maana watu wa mashine wana lugha yao ya mikono. Mteja akisugua vidole, anataka unga laini. Akikunja ngumi, anataka chenga. Akipeperusha kiganja kama anayefukuza nzi, anataka mahindi yakobolewe kwanza. Akiwa na habari ndefu zaidi ya hapo, utamsoma midomo. Katika hayo Bi Mashine alikuwa bingwa. Mteja hajashusha mzigo, yeye ameshajua anataka nini, na kama ametoka kugombana na mumewe, hilo nalo ameshalijua.

“Macho ya huyu mama yana masikio,” wateja walizoea kusema.

Kilichomkosesha raha ni kwamba siku hizi watu walikuwa wanamnong’onea pembeni. Mwanawe na mkewe walizungumza chini chini wakati wa kula, na yeye akiinua kichwa aliwakuta wanamtazama. Redio ilikuwa inapunguzwa. Kila akiongeza, mtu anapita na kupunguza. Hata kwenye nyumba ya ibada, yule kiongozi aliyekuwa akitikisa madirisha kwa sauti, sasa alisoma maneno ya Mungu kama anayesimulia siri ya ukoo. Bi Mashine alimwomba Mungu amsamehe kwa kumdhania vibaya mtumishi wake, lakini akaendelea kumdhania.

Halafu ikaja siku ya mkanda.

Ilikuwa siku ya wateja wengi, foleni imefika barabarani. Bi Mashine alikuwa ameinama kwenye kona, amegeukia ukuta, anafunga mdomo wa gunia. Ghafla akahisi sakafu imetulia chini ya miguu yake. Alipogeuka akamwona mkwe wake amesimama penye swichi, mkono bado uko juu, anahema kama aliyekimbizwa. Mkanda ulikuwa umechanika karibu wote, umelala chini kama nyoka aliyepigwa.

“Nani kakwambia uzime?” aliuliza Bi Mashine.

“Mama, nimekuita! Mkanda ulikuwa unapiga kelele mpaka nje. Nimekuita mpaka koo limekauka.”

“Umeniita kwa mdomo upi?”

Mzee mmoja wa foleni, mtu wa utani, akapiga makofi, akacheka. “Bi Mashine, leo umepinduliwa! Serikali imeangushwa!”

Watu wote wakacheka, mkwe naye akajifunika mdomo. Bi Mashine aliuona ule mkono ukifunika mdomo, akauweka moyoni.

Jioni ile mwanawe alimvutia mama yake kiti, akakaa mbele yake.

“Mama, twende tukapime masikio.”

“Masikio yangu yana nini?”

“Hatujui. Tukipima ndiyo tutajua.”

“Nyinyi na nani?”

“Mama, mkanda ule ungekatika wote ungekuchapa uso. Ungekutoa jicho.” Akasogeza kiti karibu. “Mpaka tupime, wewe utakaa kwenye mizani na mimi. Mashineni atasimama mke wangu. Wakisema masikio ni mazima, unarudi kesho yake. Wakisema si mazima, basi mama, utapumzika.”

Aha! Hapo sasa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mvua yenyewe ndiyo hii. Kumpumzisha! Kwanza mkanda, kisha masikio, kisha binti amekaa kwenye kiti cha enzi na mama mkwe anapima madebe ya watu kama mtoto wa dukani. Lakini njia ya kurudi mashineni ilikuwa moja tu, kupitia huko huko kwenye kupimwa. Bi Mashine alikubali, akaapa kimoyomoyo kwamba atakwenda, na atashinda.

Kabla ya siku ya kipimo walitakiwa kwenda kukaguliwa kwanza. Alipelekwa na mkwe wake. Muuguzi alimmulika masikioni kwa taa ndogo, kisha akaanza kueleza maagizo. Alikuwa amevaa barakoa. Bi Mashine aliona macho tu yakizunguka juu ya kitambaa, na mkwe anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, sawa. Maneno yenyewe aliyapata barabarani, mkwe alipomsimamisha chini ya kivuli cha duka na kumhesabia vidoleni.

“Mama, amesema una nta nyingi. Tutadondosha haya mafuta kila siku, kisha wataisafisha. Usijichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Dawa unazotumia tuende nazo. Siku ya kipimo usivae hereni, na kitambaa cha kichwani kiwe cha kufunguka upesi. Uende na mtu unayeishi naye, ambaye umeizoea sauti yake. Na siku moja kabla, usikae karibu na kelele yoyote. Mashineni usiingie kabisa.”

“Nani kasema nisiingie mashineni?”

“Muuguzi, mama.”

“Mbona mimi sikumwona akisema?”

Mkwe akatazama chini. Na Bi Mashine akaona kule kutazama chini ndiko ushahidi.

Kila agizo alilipindua akalitazama chini yake, kama mtu anayenunua sufuria iliyotumika. Hereni avue kwa nini? Zile alinunuliwa na marehemu, na tangu azivae hazijatoka. Alizivua mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la nguo yake, akalikaza kwa meno. Dawa zake za presha alizibeba yeye, hakumwachia mtu. Na yale mafuta ya masikio! Jioni mkwe alipokuja na kichupa na pamba, Bi Mashine alikinusa, akatia tone moja kwenye kiganja, akalisugua, akangoja aone kama ngozi itabadilika.

“Anza wewe,” akasema.

“Nianze nini, mama?”

“Jitie wewe kwanza.”

Mkwe alimtazama, kisha akaangua kicheko. Akalaza kichwa kwenye meza, akajidondoshea tone sikioni, akakaa hivyo hivyo ameinamia upande kama kuku anayetazama mwewe. “Haya mama. Mzima bado.”

Bi Mashine alikumbuka usemi wa kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, akaona hapa chupa yenyewe ipo. Binti alijitia tone moja tu, na kwake yeye alitaka kutia matone kadhaa. Akamnyang’anya kichupa. Tangu siku hiyo akawa anakwenda nacho kwa fundi cherehani, analaza kichwa kwenye meza ya kukatia nguo, na jirani ndiye anayemdondoshea.

Ni huko huko alikopata mafunzo, maana fundi cherehani aliwahi kupimwa masikio.

“Wanakuingiza kwenye kisanduku kama kipande cha sabuni,” alieleza. “Mlango mnene hivi. Wanakuvisha hedifoni, unakuwa kama rubani. Unapewa kitufe. Ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu, unabonyeza.”

“Na nisiposikia?”

“Si hapo ndipo wanapokunasa!” Fundi akacheka, akampiga bega. “Lakini mwenzangu, wewe si mtu wa mashine? Anayekupima hukaa nyuma ya kioo. Unamwona. Na mtu hawezi kufanya jambo mwili wake usiseme.”

 Mwanga ukamwingia Bi Mashine. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo? Kumtazama mtu na kujua kabla hajasema? Hiyo ameifanya maisha yake yote!

Wakafanya mazoezi. Fundi cherehani alikaa nyuma ya cherehani yake, mkono mmoja umejificha chini ya meza, akawa anagonga kastabini ya kidoleni kwenye chuma, mara polepole, mara anatulia. Bi Mashine alikaa mkabala naye, ameshika kifungo cha koti badala ya kitufe. Hakusikiliza hata kidogo. Alitazama bega. Bega likishuka kiasi cha unywele, yeye anabonyeza kifungo. Hakukosea.

“Ee Mungu wangu!” fundi alisema. “Wewe hupimwi, wewe utawapima wao.”

Usiku alipopiga magoti, Bi Mashine alimwomba Mungu amsaidie kwenye kipimo. Alipofika mahali pa kutaja namna ya kusaidiwa, ulimi ukawa mzito. Akaomba kwa ujumla ujumla, bila kutaja njia, akasema amina upesi.

Siku ya kukaa kimya ilikuwa ndefu. Alifungiwa kwenye chumba cha mbali, upande wa pili wa ua, na kikombe cha chai na nguo za kukunja. Alizikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena. Mashine hakuisikia, lakini nyayo zake zilimwambia. Imewashwa. Imepewa nafaka nyingi kuliko kawaida. Imezimwa. Imewashwa tena. Nani anaijaza hivyo mpaka koo? Uvumilivu ulimwishia. Akavua viatu, akapita ua akinyata, akachungulia.

Mkwe wake alikuwa amesimama pale pale, mahali pake, amejifunga kitambaa kichwani kama yeye, nyusi nyeupe kwa unga. Mara akamwona mama mkwe mlangoni. Macho yakamtoka. Akaziba masikio yake kwa viganja viwili, kisha akapunga mkono kwa nguvu: rudi, rudi, toka hapa!

Bi Mashine alirudi chumbani. Kwa lugha ya mikono, lugha aliyoifundisha yeye mwenyewe nyumba nzima, amefukuzwa kwenye mashine yake. Alikaa kitandani, akalishika lile pindo la nguo lililofungwa hereni, akasema kwa sauti, “Baba watoto, unaona?”

Asubuhi ya kipimo alimkuta mkwe jikoni kama kawaida. Mgongo. Jiko. Shingo ikainama juu ya sufuria, ikainuka. Bi Mashine akapita, akaenda kuvaa.

Alitaka asindikizwe na mwanawe, lakini wateja walikuwa wameshaanza kupanga madebe yao, na mizani haiachwi. Ikawa ni mkwe.  Njiani mkwe alisema jambo mara mbili hivi, akiwa anatangulia mbele kwenye njia nyembamba ya pembeni ya barabara. Bi Mashine aliona tu taya lake likicheza. Anaongea peke yake, alijisemea. Au anafanya mazoezi ya atakachowaambia.

Mpima masikio alikuwa mwanamama mnene, mpole, uso mtupu bila barakoa, na Bi Mashine alishukuru kimoyomoyo. Alimsafisha nta, akamweleza yale yale ya fundi cherehani, akamwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji. Akamvisha hedifoni, akampa kitufe, akafunga mlango, akaenda kukaa nyuma ya kioo. Mkwe alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

Kipimo kikaanza. Bi Mashine akakaza macho. Bega la kulia la mpimaji likashuka, akabonyeza. Likashuka, akabonyeza. Mara mlio aliusikia kweli, mnene, kama ng’ombe wa mbali. Mara hakusikia kitu, lakini bega limeshuka, naye amebonyeza. Mambo yalikwenda kama maji mtoni. Alianza hata kutabasamu. Kwa pembe ya jicho alimwona mkwe ameinua uso, anashangaa, na Bi Mashine akajisemea, shangaa tu, mwanangu, kesho utarudi dirishani kwako.

Bega likashuka tena. Akabonyeza.

Mpimaji akasimama. Akafungua mlango mzito, akaja akamvua hedifoni taratibu, akamtazama usoni.

“Mama, unafanya kazi gani?”

“Nasaga. Nina mashine.”

“Nilijua tu kuna kitu.” Alikuwa anacheka, lakini si kwa ubaya. “Hapo mwisho sikuweka mlio wowote, mama. Nilikuwa najikuna.”

Bi Mashine aliuhisi uso wake ukiwaka moto. Mpimaji akakigeuza kiti kielekee ukuta wa sponji, akamrudishia hedifoni, akatoka. Sasa hapakuwa na bega, wala uso, wala midomo. Palikuwa na sponji la kijivu na vitundu vyake. Akangoja. Akasikia yule ng’ombe wa mbali, akabonyeza. Akangoja tena. Akangoja sana. Akadhani umeme umekatika, au mpimaji ametoka kunywa chai, au wamemfungia humo makusudi wakaenda zao. Kitufe kililowa jasho mkononi mwake. Hajawahi kukaa mahali penye kimya namna hiyo, na kilichomtisha ni kwamba kimya kile hakikuwa kigeni kwake. Alikijua. Ndicho kilichokuwa nyumbani kwake kila siku.

Alipotolewa, mpimaji alisema limebaki jambo moja, kipimo cha sauti ya mtu wa nyumbani. Alimkalisha kwenye kiti katika chumba cha nje, akamwelekeza mbele, kwenye kabati la dawa. Akamwita mkwe asimame nyuma ya kiti.

“Mwambie neno lolote unalomwambia kila siku nyumbani,” alimwagiza mkwe, “kwa sauti yako ya kila siku. Na wewe mama, ukisikia, niambie amesema nini.”

Sasa lile kabati lilikuwa na milango ya vioo. Mpimaji hakulifikiria hilo. Bi Mashine alilifikiria mara tu alipokaa, maana kwenye kioo, kati ya vichupa, alimwona mkwe wake amesimama nyuma yake, mzima mzima, kuanzia kiunoni mpaka utosini.

Mungu amempa mlango, alijisemea. Asome midomo, ataje neno, na kesho yuko mashineni.

Akamtazama. Mkwe alishika mikono yake pamoja mbele. Akainamisha shingo kidogo, kama anayenusa. Midomo ikafunguka, ikafunga, ikafunguka.

Shikamoo, mama.

Bi Mashine hakusikia kitu. Hakusikia hata pumzi. Lakini ile shingo aliijua. Aliijua kama anavyoujua mkanda wake. Aliiona kila asubuhi ikiinama juu ya sufuria, na kila asubuhi akadhani ni kwa ajili ya chai.

Mpimaji alikuwa anangoja. “Mama? Umesikia amesema nini?”

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa nalo lote. Kulitamka tu, na mashine ni yake. Akawaza vilevile, maana moyo ulioshuku kwa muda mrefu hauachi siku moja, kwamba labda binti ameinamisha shingo makusudi, labda walipanga na muuguzi tangu ile siku ya barakoa. Lakini shingo ya mtu haiwezi kupanga asubuhi zote zile. Na kama ni hivyo, basi fundi cherehani aliuliza swali la haki, na aliyekosa adabu jikoni, asubuhi kwa asubuhi, hakuwa yule aliyempa mgongo.

“Sikusikia,” alisema Bi Mashine. Akanyoosha kidole kwenye kabati. “Nimemwona pale. Amesema shikamoo. Lakini sikusikia.”

Mpimaji akatazama vioo, akajipiga paji la uso. Mkwe naye akazunguka kiti, akaja mbele.

“Husema hivyo kila siku?” Bi Mashine alimwuliza.

“Kila siku, mama.” Mkwe alimtazama usoni. “Nilidhani umenichukia. Nilidhani ni kwa sababu ya ile siku nilipomwaga unga, nilipoolewa tu.”

“Unga upi?” Bi Mashine hakuukumbuka kabisa.

Mpimaji aliwakalisha wote wawili, akamweleza Bi Mashine akimtazama usoni, bila haraka. Sauti nene bado anazisikia, mngurumo, kishindo, mwanamume akiwa karibu. Sauti nyembamba zimekwenda, na mwanamke akiongea amegeukia upande mwingine, sauti yake haimfikii hata chembe. Ni kelele za miaka yote ile, zimekula kidogo kidogo, kama panya alavyo gunia. Zilizokwenda hazirudi. Kuna vifaa vya kuvaa masikioni vitakavyomsaidia, na watarudi kuvizungumzia.

“Na mashine?” aliuliza Bi Mashine. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Mashine, mama, sitakudanganya. Ukivaa vizibo vya kukinga kelele unaweza kusimama. Ila si peke yako tena. Awepo mtu wa kukuonyesha kwa mkono likitokea jambo.”

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mara hii mkwe hakutangulia, alitembea sambamba, na kila alipotaka kusema alisimama akageuka kwanza. Njia ikawa ndefu kwa kusimamasimama. Bi Mashine alisikiliza kwa macho, lakini akili yake ilikuwa kwa mwanawe. Sasa huyu atafika aseme yote: mama amedanganya kwenye kipimo, mama kiziwi, mama apumzike. Atasema tu. Mtu gani asingesema?

Mashine ilikuwa imezimwa. Mwanawe alitoka mlangoni akijifuta unga mikononi, wateja nyuma yake wameshanyoosha shingo, yule mzee wa utani akiwa mstari wa mbele. Fundi cherehani alikuwa ameshaegemea ukuta wake, futi ya kupimia shingoni.

“Wamesemaje?” aliuliza mwana. Alimwuliza mkewe.

Bi Mashine akamtazama mkwe wake midomoni, roho iko juu.

“Muulize mama,” alisema mkwe. “Masikio si yangu.”

Mwana akageuka. Watu wote wakageuka. Bi Mashine hakuanza na mwanawe. Alifungua lile pindo la nguo kwa meno, akatoa hereni zake, akazivaa moja moja pale pale barabarani, bila haraka. Kisha akamshika mkwe wake mkono, akamgeuza wakatazamana.

“Mwanangu, naomba usimame na mimi mashineni, upande ule ninaouona uso wako. Na kesho asubuhi ukiniamkia, acha sufuria kwanza, njoo mbele yangu, nikuitikie.”